Mizani inasoma mafuta asilimia 31 kwa msichana wa miaka 13: tuiamini?

SWALI: Mtaalamu, habari za kazi. Mimi ni mwalimu wa michezo katika sekondari moja ya Wilaya ya Chamwino. Tumepata mizani ya umeme, ile ya kioo ambayo mtu anapanda miguu mitupu, inaonyesha uzito na asilimia ya mafuta mwilini. Nimewapima wanafunzi wa kidato cha kwanza tunapojiandaa na UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari. Msichana mmoja aliyetimiza miaka 13, urefu sentimita 152, uzito kilo 51, asubuhi ilimsoma mafuta asilimia 31. Jioni baada ya mazoezi ikamsoma 27. Namba ya kweli ni ipi? Naweza kutumia asilimia hizi kuchagua timu? Na tangu siku ile msichana huyo hali chakula cha mchana cha shule. Nirudishe mizani?

JIBU: Mwalimu, habari za Chamwino. Nashukuru kwamba hukuiacha ile sentensi yako ya karibu na mwisho, maana naona ndiyo yenye uzito kuliko zote. Nianze nayo.

Kwa watoto wengi wanaotembea kutoka vijiji vya mbali, makande au ugali na maharage ya saa saba mchana ndiyo mlo mkubwa wa siku. Msichana wa miaka 13 akiuacha, hapunguzi mafuta tu. Yuko katika umri ambao mifupa inajijaza madini kwa kasi isiyorudi tena: karibu robo ya madini ya mifupa ambayo mtu atakuwa nayo ukubwani huwekwa ndani ya miaka kama miwili inayozunguka kile kipindi cha kurefuka haraka. Katika umri huohuo wengi wanavunja ungo, na mahitaji ya madini ya chuma yanapanda. Njaa ya miezi michache wakati huu ina gharama ambayo haitaonekana kwenye mizani yoyote.

Kwa hiyo mfuate mapema, ukiwa na matroni au mwalimu wa kike anayemwamini, mwambie kwa maneno mepesi kwamba ile namba haikupima mwili wake, ilikisia, na kwamba mwili wake uko sawa. Mwambie hivyo mkiwa pembeni, si mbele ya wenzake. Kama wiki mbili zikipita bado anaruka milo, au anapata kizunguzungu, anapungua uzito, au hedhi iliyokwisha kuanza inakatika kwa miezi mitatu, aende kituo cha afya pamoja na mzazi. Nataka umwambie maneno hayo ukiwa unayaamini mwenyewe, ndiyo maana sehemu iliyobaki nitaieleza kwa urefu.

Mizani yako haijawahi kuona mafuta ya mtu yeyote. Inasoma vitu viwili tu: uzito, na jinsi mwili unavyoupinga umeme hafifu unaopita kutoka unyayo mmoja kwenda mwingine. Umeme huo mtoto hausikii wala haumdhuru, isipokuwa mtu aliyewekewa kifaa cha umeme cha kuendesha mapigo ya moyo, ambaye hatakiwi kupanda kabisa. Misuli na damu zina maji mengi yenye chumvi, umeme unapita kwa urahisi. Mafuta yana maji kidogo, umeme unapita kwa shida. Kutokana na upinzani huo, pamoja na urefu, umri na jinsia ulivyoingiza, mashine inakadiria maji yaliyomo mwilini. Kutokana na maji inakadiria sehemu yote isiyo mafuta, yaani misuli, mifupa na viungo vya ndani. Halafu inaitoa sehemu hiyo kwenye uzito, na kinachobaki inakiita mafuta. Ni makisio juu ya makisio, na kosa la kila hatua linamwagikia kwenye namba ya mwisho.

Sasa angalia linalotokea kwa mtoto. Mwili wa mtu mzima, ukiondoa mafuta, ni maji kwa takriban asilimia 73. Wa kichanga aliyezaliwa sasa hivi ni karibu 80, na hushuka polepole kadiri mtoto anavyokua. Msichana wa miaka 13 anaweza kuwa bado kwenye 75 hivi. Tuseme huyu wa kwako ana kilo 27 za maji mwilini. Ukigawa kwa 0.73 kama mtu mzima, unapata kilo 37 zisizo mafuta, hivyo mafuta ni kilo 14, sawa na asilimia 27.5. Ukigawa kwa 0.75, zisizo mafuta ni kilo 36, mafuta kilo 15, asilimia 29.4. Mtoto yuleyule, maji yaleyale, na asilimia karibu mbili zimetokea kwa sababu tu ya namba moja ambayo mtu aliichagua kiwandani. Soma kijitabu kilichokuja na mizani, mara nyingi kimeandika umri wa chini unaoruhusiwa. Nyingi ni za watu wa miaka 18 na kuendelea, nyingine zinaanzia 10. Na kama ina kitufe cha kuchagua mtu wa kawaida au mwanamichezo, jaribu kumpima mtu mmoja kwa yote mawili. Asilimia itashuka papo hapo bila mwili wake kubadilika chochote, kwa sababu mashine imehamia fomula nyingine.

Ile tofauti ya asubuhi na jioni sasa haina maajabu. Mtoto ametembea kilomita kadhaa kwenye jua na vumbi letu la kiangazi, hajanywa maji tangu usiku. Mwili uliokaukiwa unaupinga umeme zaidi, mashine inasema mafuta ni mengi. Jioni amekunywa maji, ngozi imepata joto, damu imejaa miguuni baada ya kukimbia, upinzani unashuka, mashine inasema mafuta yamepungua. Hata nyayo zenye magaga na vumbi zinaingilia kipimo, kwa kuwa ngozi nene kavu nayo inazuia umeme. Piga hesabu: asilimia 4 ya kilo 51 ni kilo mbili. Kuunguza kilo mbili za mafuta kunahitaji zaidi ya kilokalori 15,000, chakula cha msichana huyo cha wiki nzima hivi. Hakuna binadamu anayefanya hivyo kati ya saa mbili asubuhi na saa kumi na moja jioni. Namba zako zote mbili, kwa hiyo, si za kweli kwa maana uliyokusudia.

Tena umeme wa mizani hii unapita zaidi miguuni na kiunoni kwenda chini. Tumbo, ambako mafuta yakijazana ndiko yanakosumbua afya, haulifikii vizuri.

Utauliza, basi wataalamu wanajuaje? Nao wanakadiria, ila kwa makosa madogo zaidi. Hakuna njia ya kuyatoa mafuta ya mtoto aliye hai na kuyaweka kwenye mizani. Wapo wanaopima ujazo wa mwili, ndani ya maji au ndani ya chumba kidogo cha hewa, kwa sababu mafuta yana msongamano wa karibu gramu 0.9 kwa sentimita ya ujazo na sehemu nyingine ya mwili ni karibu 1.1. Ukijua uzito na ujazo unaweza kutenganisha. Ipo mashine ya DXA, ya miale ya eksirei ya nguvu mbili tofauti, inayotofautisha mfupa, mafuta na nyama laini, kwa kiasi cha miale kilicho kidogo kuliko cha picha ya kifua. Ni nzuri, ni ghali, na haitakuja Chamwino kupima kidato cha kwanza.

Njia ninayoipenda zaidi kwa mazingira yetu ni ya maji mazito. Mtoto anatoa mate kidogo kwenye pamba, anakunywa kipimo maalumu cha maji ambayo haidrojeni yake ni ile nzito iitwayo diuteri, anakaa saa tatu au nne bila kukimbia wala kula ovyo, kisha anatoa mate tena. Kijiko kimoja cha sukari kinapotea kwenye sufuria kubwa ya chai lakini kinakolea kwenye kikombe. Vivyo hivyo, kadiri mwili unavyokuwa na maji mengi, ndivyo diuteri inavyoonekana hafifu kwenye mate. Hapo unapata maji ya mwili mzima kwa uhakika mkubwa kuliko umeme wa nyayo. Wazazi husikia kwamba Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki, lenye makao yake Vienna, limekuwa likisaidia nchi za Afrika kutumia njia hii, wakaogopa. Diuteri haina mionzi. Tayari ipo kidogo kwenye kila maji tunayokunywa, ya bomba hata ya kisima.

Wenye uwezo huunganisha vipimo hivi vyote, ujazo, maji, madini ya mifupa na uzito, ili kila kimoja kisahihishe kingine. Watafiti wa London walifanya hivyo na mwaka 2012 wakatoa grafu za mafuta na nyama isiyo mafuta kwa watoto wa Uingereza wa miaka 5 hadi 20. Kazi safi sana. Lakini siwezi kumchukua binti wa Chamwino nikamweka juu ya grafu hiyo nikamhukumu. Tafiti zilizofanywa Marekani zimeonyesha kwamba watoto wenye asili ya Afrika, wakiwa na uwiano uleule wa uzito na urefu kama wenzao Wazungu, kwa wastani wana mafuta machache na madini mengi zaidi ya mifupa. Watoto wenye asili ya Asia Kusini wao huelekea upande wa pili, mafuta mengi kwa uwiano uleule. Fomula inayotoka kwa kundi moja ikipelekwa kwa lingine inakosea kwa mtindo uleule kila mara, na kosa la namna hiyo haliondoki hata ukipima mara kumi.

Kuna tatizo jingine la asilimia ambalo hata mashine ya bei mbaya hailiponyi. Chukua wasichana wawili wenye urefu sawa. Wa kwanza ana kilo 40, mafuta kilo 10. Wa pili ana kilo 32, mafuta kilo 8. Wote ni asilimia 25. Wa kwanza huenda yuko vizuri kabisa. Wa pili ana kilo 24 tu za nyama na mifupa dhidi ya 30 za mwenzake, anahitaji chakula na huenda na daktari, lakini asilimia imemficha. Ndiyo maana wanaosomea jambo hili wanapendelea kutaja kilo za mafuta na kilo zisizo mafuta kila moja peke yake, zikigawanywa kwa urefu uliozidishwa kwa wenyewe, badala ya asilimia. Katika mkoa kama wetu, ambako mtoto mwembamba asiye na misuli ni hatari halisi kama alivyo mtoto mnene, asilimia ya mafuta ni namba ninayoiogopa.

Turudi kwenye vitu ambavyo wewe unavyo: mizani, ukuta, na tepu.

BMI unaijua, kilo gawanya kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Alianza nayo Adolphe Quetelet wa Ubelgiji katika miaka ya 1830, akitafuta kumweleza mtu wa wastani, wala hakuwa akifikiria ugonjwa wa mtoto. Kwa mtu mzima tunatumia 25 kwa uzito uliozidi na 30 kwa unene uliopitiliza. Kwa mtoto mistari hiyo haifai, kwa sababu BMI ya kawaida inabadilika na umri: inapanda mwaka wa kwanza, inashuka hadi kufikia chini kabisa karibu na miaka mitano au sita, kisha inapanda tena hadi ujana. Kwa hiyo tunasoma kwenye grafu za Shirika la Afya Duniani za 2007, za miaka 5 hadi 19, wavulana na wasichana kila kundi na yake. Mistari yake inahesabiwa kutoka ule wa kati, kwenda juu (+) na kwenda chini (−): juu ya mstari wa +1 ni uzito uliozidi, juu ya +2 ni unene uliopitiliza, chini ya −2 ni wembamba uliozidi. (Kwa walio chini ya miaka mitano mipaka ni mingine, usichanganye ukienda kumpima mdogo wake nyumbani.)

Msichana wako: 51 gawanya kwa 1.52 mara 1.52, unapata 22.1. Kwa msichana wa miaka 13 kamili mstari wa kati ni 18.7, wa +1 ni 21.8, wa +2 ni 26.2. Amegusa tu juu ya mstari wa +1 na yuko mbali sana na wa +2. Sasa tuseme alikuwa amejikunyata kwa aibu, jambo la kawaida kwa wasichana wa umri huo, na urefu wake halisi ni 154. BMI inakuwa 21.5, yuko chini ya mstari, hana uzito uliozidi. Sentimita mbili za mgongo uliopinda zimembatiza mtoto jina. Makosa ya urefu yanaumiza zaidi kwa sababu urefu unazidishwa kwa wenyewe kwenye hesabu, na ni urefu, si uzito, ambao mashuleni tunaupima vibaya.

Kwa hiyo weka nguvu hapo. Tafuta ukuta ulionyooka usio na ukingo wa sakafu unaotokeza, sakafu ya saruji. Bandika tepu ya chuma ya fundi seremala, si ile ya kitambaa ya fundi cherehani inayovutika. Viatu na soksi nene vitoke. Shule zetu nyingi za serikali wasichana wananyoa, hilo limerahisisha. Kwa walio na rasta au mabutu, nywele zibanwe mpaka ubao uguse kichwa. Visigino vimeungana na vimegusa ukuta, magoti hayakupinda, macho yanatazama mbele ili tundu la sikio na ukingo wa chini wa jicho viwe mstari mmoja ulalao. Juu ya kichwa weka kipande cha mbao chenye pembe mraba, usitumie rula wala daftari linalopinda. Mwambie avute pumzi ndefu, usome. Mtoe, mrudishe, usome tena. Vikitofautiana zaidi ya nusu sentimita, pima mara ya tatu. Na pima wote asubuhi, kwa kuwa mtu hupungua karibu sentimita moja kuanzia asubuhi hadi jioni uti wa mgongo unapobanwa.

Umri nao uwe wa kweli. Mstari wa +1 wa msichana wa miaka 12 ni 20.8, wa miaka 13 ni 21.8. Tarehe iliyobuniwa kwenye fomu ya shule inasogeza mstari wote. Omba cheti cha kuzaliwa au kadi ya kliniki.

Angalia urefu kwa umri pia, si BMI peke yake. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015-16 ulikuta asilimia 34 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Kufikia ule wa 2022 ilikuwa 30. Wale watoto wa 2015 ndio waliofikia umri wa wanafunzi wako. Mtoto aliyedumaa anaweza kuonyesha BMI ya kawaida au hata ya juu kwa sababu urefu ni mdogo, na anayetazama BMI tu atamwambia apunguze kula, kumbe huyo ndiye aliyekosa chakula tangu tumboni. Huyu wa kwako hana shida hiyo: wastani wa msichana wa miaka 13 ni karibu sentimita 156, na 152 ni urefu wa kawaida kabisa.

Kisha tepu ya kiuno. Hiki ni kipimo rahisi kuliko vyote na ninakiamini kuliko mizani yako ya kioo, kwa sababu kinatazama tumbo moja kwa moja. Tafuta ubavu wa chini kabisa, tafuta ncha ya juu ya nyonga, weka tepu katikati, mtoto akiwa ametoa pumzi kwa kawaida bila kubana tumbo. Kiuno kikiwa chini ya nusu ya urefu, sawa. Kikivuka nusu, kuna la kufuatilia. Kwake nusu ni sentimita 76. Huhitaji grafu, na kinafaa kuanzia miaka mitano hivi. Wasichana wapimwe na mwalimu wa kike au muuguzi, nyuma ya pazia, kwa ridhaa yao.

Kipimo cha kubana ngozi kwa kalipa, nyuma ya mkono wa juu na chini ya bega, ni kizuri mikononi mwa aliyefundishwa, na fomula za Slaughter na wenzake wa Marekani za 1988 bado zinatumika kukibadilisha kuwa asilimia. Usikifanye. Kinahitaji mazoezi marefu ili watu wawili wapate jibu moja, na kumfinya mwanafunzi nyama mbele ya watu si jambo la mwalimu wa michezo.

Sasa kuhusu timu: hapana, Mwalimu, usichague kwa asilimia. Hata namba ingekuwa sahihi bado ningekukatalia. Katika kidato cha kwanza unao watoto wa miaka 13 ambao miili yao imepishana miaka mitatu au minne. Wasichana kwa kawaida hufikia kilele cha kurefuka karibu na miaka 12, wavulana karibu na 14, na mtoto aliyekua kwa shida huchelewa zaidi. Msichana anapobalehe mwili wake unaongeza mafuta, nyonga, mapaja na kifua, na kufikia mwisho wa ujana karibu robo ya uzito wake kuwa mafuta ni jambo la kawaida na la lazima. Bila akiba hiyo hedhi yenyewe inayumba. Mvulana wakati huohuo anajenga misuli na asilimia yake inashuka bila yeye kufanya juhudi yoyote. Ukichagua kwa mafuta utawaacha wasichana waliobalehe mapema kwa kosa la kuwa wasichana, na utawafundisha waliobaki kwamba njia ya kuingia timu ni kushinda njaa. Mchezaji wa netiboli mchague kwa kudaka, kuruka na kuona mwenzake alipo. Mkimbiaji mpe saa.

Na namba za mwili zisisomwe kwa sauti. Tunajua majina yanayofuata, bonge, tipwatipwa, kimbaumbau, na yanavyokaa na mtu hadi anapoolewa. Anayepima na anayeandika wawe karibu, mwanafunzi mmoja mmoja aingie, daftari lifungwe kabatini.

Pamoja na yote hayo, nakuomba usiache kupima. Kadi ya kliniki inaishia miaka mitano, na baada ya hapo watoto wengi hapa kwetu hawapimwi urefu wala uzito mpaka waugue. Mwalimu mwenye daftari anaziba pengo ambalo hospitali haizibi. Kipimo kimoja hakisemi mengi, lakini vipimo vya miaka miwili mitatu vinaonyesha mtoto anafuata mstari wake au anaukata. Anayepanda kutoka mstari wa kati kuvuka +1 kwenda +2 ndani ya mwaka, au anayeporomoka kutoka wa kati kuelekea −2, nataka kumwona hata kama namba ya leo bado iko ndani ya mipaka.

Dodoma tuna msimu mmoja wa mvua, na miezi ya Januari hadi Machi, kabla ya mavuno, ndiyo ya chakula haba kwa kaya nyingi za wakulima. Ukipima Januari shule inapofunguliwa na tena Julai baada ya mtama na uwele kuingia ghalani, utaona uzito umepanda kwa wengi. Usiseme wamenenepa, ni mavuno. Linganisha Januari na Januari, Julai na Julai. Ukiwa na kompyuta ya shule, programu ya WHO AnthroPlus ni ya bure na inakokotoa mistari yote kwa watoto wa miaka 5 hadi 19, ukiingiza tarehe ya kuzaliwa, jinsia, urefu na uzito. Afisa lishe wa halmashauri yako anaweza kukusaidia kuianza, na hili ni sehemu ya kazi yake, usione haya kumwita.

Wa kupelekwa zahanati au kituo cha afya bila kusubiri ni aliye chini ya −2 au juu ya +2, aliyekonda ghafla, hasa akiwa na kikohozi kisichoisha, au kiu na mkojo mwingi. Pia mnene mwenye ngozi nene yenye mikunjo shingoni, iliyokuwa nyeusi kuliko sehemu nyingine za mwili wake, au anayekoroma usiku na kusinzia darasani. Wakihitaji zaidi watapelekwa hospitali ya rufaa ya mkoa.

Mizani usirudishe. Kwa uzito inaweza kuwa nzuri sana, ila ijaribu kwanza: iweke kwenye saruji iliyosawazika, pima ndoo tupu, tia lita 10 za maji kwa kipimo cha uhakika, pima tena. Tofauti iwe kilo 10. Rudia mara tatu, na kila mwanzo wa muhula. Ile sehemu ya mafuta, tazama kwenye kijitabu kama inazimika. Nyingi zikikosa kugusa ngozi haziwezi kusoma mafuta, zinatoa uzito peke yake, kwa hiyo isipozimika waache watoto wapande na soksi nyepesi.